Mwaka Tuliouvunja Mtaa wa Barazani

Chokaa ikimwagiwa maji huchemka yenyewe bila moto, na hutoa harufu inayokukamata koo kabla hujajua umevuta nini. Juzi jirani yangu hapa Korogwe alikuwa akiipaka nyumba yake kwa ajili ya arusi ya bintiye, nami nilikuwa nyuma ya nyumba napepeta mchele. Upepo ukageuka ukaja upande wangu. Nikauweka ungo chini. Nilikuwa na miaka minane tena, nimesimama Handeni kwenye jua la saa nne, namtazama kijana mwembamba mwenye ndoo na brashi akichora alama ya X kwenye ukuta wa nyumba aliyozaliwa mama yangu.

Nyinyi mnaopita Handeni siku hizi kwa basi mnaona stendi, maduka na vumbi. Mtaa wa Barazani hamkuuona. Ulikuwa mtaa mkongwe wa nyumba za miti na udongo, zimeinamiana kama wazee wanaosikilizana. Kila nyumba ilikuwa na baraza mbele, na baraza zilitazamana kwa karibu kiasi kwamba mtu akipiga chafya upande huu, anaombewa afya upande ule. Kuta zilipakwa udongo mwekundu chini na mweupe juu, kazi ya wanawake kila mwaka baada ya mavuno. Jioni jua lilipopita katikati ya paa, vumbi lilisimama hewani kama unga wa dhahabu, na mimi niliamini kwamba lilikuwa linatoka Barazani tu, kwamba mitaa mingine haikupewa.

Nyumba ya Bibi Mwanaidi, mama mzaa mama, ilikuwa katikati. Ilikuwa na mlango mzito wa mninga uliochongwa maua kwenye fremu, kazi ya fundi aliyetoka pwani zamani akaoa Mzigua na kusahau kurudi. Ndani mlikuwa na giza hata mchana, giza la baridi lenye harufu ya moshi, ngozi ya mbuzi na maji ya mtungi. Ukitoka juani ukaingia mle, ulikuwa unaogelea. Macho yalichelewa, masikio yakatangulia, na kabla hujamwona Bibi ulimsikia akicheka.

Bibi alikuwa mkunga. Nusu ya mji ilipita mikononi mwake na hakuacha kuukumbusha. Balozi wetu wa nyumba kumi akizidisha ukali mkutanoni, Bibi alimwambia mbele ya watu, "Mwanangu, kofi lako la kwanza duniani nilikupiga mimi. Usinilazimishe nikupige la pili."

Sisi hatukukaa kwake. Baba alifanya kazi kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe na alikuja mwisho wa mwezi. Mama na mimi tulipanga vyumba viwili vya sakafu ya saruji huko juu, karibu na hospitali. Mama alikuwa katibu wa akina mama katika tawi la Chama, mwanamke wa sauti ya chini na hatua za haraka. Wakati ule vijijini watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vya Ujamaa, na mjini ikaja zamu yetu: kampeni ya nyumba bora. Nyumba ziwe za matofali, madirisha makubwa, sakafu ya saruji, choo cha shimo, na mitaa inyooke.

Kijana wa ndoo ya chokaa alikuwa amekuja kuunyoosha wa kwetu. Alikuwa Mshambaa wa Vugiri, mpole, na kwa kuwa alitembea na karatasi kubwa iliyokunjwa kwapani, watoto tukamwita Bwana Ramani. Jina lake halisi sidhani kama kuna aliyeliuliza. Barabara mpya, alisema, itapita moja kwa moja toka sokoni hadi kisimani, na nyumba mpya zitajengwa mbali nayo, zote zikitazama upande mmoja.

"Zote upande mmoja?" akauliza Bibi siku ya mkutano. "Kwani tumegombana?"

Watu wakacheka. Kisha mama akasimama. Nilikuwa nimekaa chini mbele, nikaona mikono yake ikitetemeka kidogo ingawa sauti haikutetemeka. Akasema nyumba zile zimechoka. Akasema kwenye nyufa zake wamejaa papasi, na homa ya papasi inaua watoto, na yeye kama katibu na kama mama anaunga mkono zivunjwe zote, pamoja na nyumba ya mama yake mzazi.

Hakuna aliyecheka tena. Kama hamwajui papasi, ni wadudu wadogo wa kijivu kama punje za mchanga, hukaa kwenye nyufa za sakafu ya udongo na hutoka kunyonya damu mtu akilala. Bibi akajifunga khanga yake vizuri, akasema taratibu, "Papasi hamli mwenyeji," akaondoka.

Ndivyo walivyoacha kuzungumza. Yaani, walizungumza, lakini kupitia kwangu. Mama alikuwa akinipeleka kwa Bibi kila siku baada ya shule, na wakati mwingine tulikuwa sote watatu kwenye baraza moja, umbali wa mkeka.

"Mwantumu, mwambie bibi yako sukari nimeiweka kwenye kopo."

"Bibi, mama anasema sukari ameiweka kwenye kopo."

"Mwambie mama yako nina macho."

Nilijiona mtu mkubwa sana. Nilidhani bila mimi wale wanawake wawili wasingeweza hata kunywa chai. Na kwa kuwa ilinibidi kuchagua, moyoni nilichagua upande wa Bibi, kwa sababu mama alikuwa na hoja na Bibi alikuwa na hadithi.

Bwana Ramani naye alikuwa akila kwa Bibi. Hili liliwashangaza watu, lakini Bibi alisema mtu wa milimani asiyejua kula bada hawezi kupima ardhi ya Wazigua, maana hajui imembeba nani. Alimtengea bada, ugali wa unga wa muhogo, na mlenda, akamketisha barazani, na kila mpita njia akasimama kusalimia. Shikamoo Bibi, marahaba mwanangu, huyu ni nani, huyu ndiye anayekuja kutuvunjia, karibu tule. Kijana alikula huku anatazama sahani. Siku moja nilimwona ameifungua karatasi yake magotini, akiangalia mistari yake halafu baraza, mistari halafu baraza, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka vibaya.

Mwezi ule mama akaitwa kwenye semina Korogwe, siku tatu. Baba hakuwepo, jirani alikuwa amesafiri. Ikabidi nilale kwa Bibi. Mama aliniinamia mlangoni, akanishika mashavu kwa mikono miwili.

"Utalala kitandani na bibi yako. Sakafuni usilale. Umenisikia? Hata mchana."

"Nimesikia, mama."

Nilisikia kweli. Lakini nani anayelijua joto la Handeni kabla ya mvua za vuli? Kitanda cha kamba kilikuwa kama jiko, na Bibi mwenyewe alitoa joto la mkate. Sakafu ilikuwa baridi. Ilikuwa laini, imekandamizwa na nyayo za miaka mingi hata ikang'aa, na ukiweka shavu ulisikia kama mtaa mzima unapumua chini yake. Usiku wa kwanza nilishuka polepole Bibi alipoanza kukoroma. Alfajiri kabla hajaamka nilipanda tena. Nikafanya hivyo siku zote tatu, na mama aliporudi akaniuliza nililala wapi, nikajibu, "Kitandani." Miguuni nilikuwa na vidoadoa vyekundu. Nikashusha gauni.

Baada ya wiki moja hivi homa ikaja.

Homa ile sijawahi kuisahau, na nitasema jambo ambalo si la kusemwa: ilikuwa na uzuri wake. Nilikuwa nimelala kwenye chumba chetu cha saruji, na kuta zikawa nyekundu chini na nyeupe juu. Nyumba za Barazani zikainuka zikaanza kutembea, moja baada ya nyingine, taratibu, zimeshikilia paa zao kama wanawake wanaoshikilia mizigo kichwani. Zilipita mlangoni kwetu zikielekea milimani, kunakoonekana buluu siku ambazo anga ni safi. Nyumba ya Bibi ilikuwa ya mwisho, mlango wazi, ndani giza lile la maji. Niliiita. Haikugeuka. Nilipofumbua macho mama alikuwa ananikanda kwa kitambaa, na midomo yake ilikuwa inaenda kwa sala bila sauti.

Siku ya nne homa ikaondoka kama mtu aliyeaga. Nilikula uji, nikacheza, mama akacheka tena. Alisema labda ni malaria. Wiki haikwisha homa ikarudi, na safari hii mama hakusema malaria. Aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Mwantumu. Kwa bibi yako ulilala wapi?"

Nilijua anachokitafuta. Nilijua nikisema sakafuni, basi nyumba imekwisha. Mama atasimama mkutanoni na mimi ndiye nitakuwa hoja yake. Nilikuwa na miaka minane na joto la jiko mwilini, lakini nililijua hilo waziwazi kuliko ninavyojua mambo mengi leo.

"Kitandani, mama."

"Wallahi?"

Nikafumba macho nikajifanya nimelala. Bibi alikuwa akituambia kwamba mwongo husahau, mkweli hulala. Mimi sikusahau wala sikulala.

Hospitalini muuguzi aliuliza swali lilelile, akapata jibu lilelile. Akanipa dawa ya malaria, maana alitegemea nilichosema, tukarudi nyumbani. Siku mbili zikapita namna hiyo. Siku ya tatu mchana Bibi akaja. Hakuwa amekanyaga kwetu tangu siku ya mkutano. Alisimama mlangoni, na mama akasogea pembeni, wala hakuna aliyenituma nimwambie mwenzake chochote. Bibi akaja akapiga magoti kando ya kitanda. Aliinua khanga niliyofunikwa, akashika mguu wangu mmoja kwa mikono ile iliyopokea nusu ya mji, akautazama kwenye mwanga wa dirisha. Halafu akamwita mama. Hakumwita Mama Mwantumu. Alimwita Zuhura, jina ambalo sikuwahi kumsikia akilitumia.

Sikusikia mengine. Walitoka nje. Waliporudi mama alikuwa amelia, na Bibi alikuwa amefunga khanga kiunoni kama mtu anayekwenda kuzalisha. Wakanibeba wao wawili hadi hospitali, Bibi akamwambia muuguzi, "Ni papasi. Ametoka nao kwangu." Nikapigwa sindano. Homa ikapanda sana saa ile ya kwanza, nikatetemeka hata kitanda kikalia, kisha ikashuka, na haikurudi tena.

Nilipoweza kutembea, Bibi alinichukua kwa mkono hadi Barazani. Mama alifuata nyuma. Bwana Ramani alikuwa anatungoja na karatasi yake, pamoja na balozi na nusu ya mtaa.

"Mwanangu," Bibi akamwambia kijana, "vunja."

Watu wakaguna.

"Nyumba yangu iwe ya kwanza. Ukuta ni udongo, na udongo Handeni haujawahi kuadimika. Sakafu ichimbwe yote, itupwe mbali, imwagwe saruji. Lakini sasa nifuate nikuonyeshe ambavyo havivunjwi."

Akaanza kutembea. Akaonyesha mlango wa mninga na fremu yake, nguzo za baraza za nyumba zote, boriti nzima nzima ambazo hazijaliwa na mchwa. Vitu hivyo vitatolewa kwa mikono na vitarudi kwenye nyumba mpya. Akaonyesha nafasi ya baraza kwa baraza. Nyumba mpya zitazamane, akasema, maana mgonjwa, mwali na mfiwa wa mtaa huu huonekana toka barazani kabla hajasema. Mwisho akatupeleka uani nyuma ya nyumba, kwenye uwanja wa wazi ambako mtaa ulichezea ngoma ya selo arusini, na ambako kando ya ua Bibi alikuwa amezika vitovu vya watoto aliowapokea.

"Hapa barabara yako haipiti."

Bwana Ramani akafungua karatasi. Alionekana mnyonge. "Bibi, mstari umenyooka toka sokoni. Nikiupinda hapa, wakubwa wataniuliza."

"Mstari wenyewe umezaliwa lini?"

"Mwezi uliopita, Bibi."

"Basi bado mchanga. Mtoto wa mwezi mmoja mifupa yake hupinda bila kuvunjika. Ngoja akue ndipo utashindwa."

Mama ndiye aliyecheka wa kwanza. Kisha akasimama kando ya Bibi, akasema kwa sauti yake ya chini kwamba tawi la akina mama litaandika barua kwa wakubwa kueleza sababu za kuupinda mstari, na yeye ataisaini. Bwana Ramani akawatazama wale wawili, bega kwa bega, akatoa penseli sikioni.

Wiki iliyofuata tulivunja. Nasema tulivunja kwa sababu hatukusubiri mtu wa kuja kutuvunjia. Vijana walitoa nguzo na boriti, na Mama Shirini, mwenye duka la vitambaa pale kona, akafungua ghala lake zikahifadhiwa mle. Kila nguzo iliandikwa kwa mkaa jina la mwenye nyumba, na Mama Shirini akaandika tena kwa Kigujarati chini yake, akisema mkaa unafutika lakini yeye haandiki mara mbili. Mlango wa Bibi ulibebwa na watu sita, umelala, kama jeneza. Watoto wengine wakaanza kuufuata kwa heshima bila kuambiwa.

Kisha Bibi akachukua jembe akaupiga ukuta wa chumba chake cha kulala. Ukuta ulishuka bila kelele, kama mtu aliyechoka anayekaa. Vumbi jekundu likapanda, likasimama juani, na kwa mara ya kwanza nikaona ndani ya nyumba ile kukiwa na mwanga. Kilikuwa chumba kidogo tu. Kilikuwa kidogo kiasi kwamba nilishindwa kuamini bahari yote ile ya giza ilikaa wapi.

Nikaanza kulia. Nililia kwa kwikwi, nikisema moyoni kwamba ni mimi, ni miguu yangu, ningelala kitandani nyumba ingekuwa imesimama. Bibi hakunibembeleza. Alinipa mtungi nibebe, akasema, "Shika kwa chini, shingo yake ni nyembamba."

Nyumba mpya zilichukua karibu mwaka. Tulifyatua matofali kwa zamu, tukayachoma kule mtoni, na kila mwenye nyumba alisaidia ya mwenzake kwanza. Bibi hakuipenda saruji. Alisema ni kama kukanyaga tumbo la chura, na kwa mwezi mzima alivaa kandambili ndani. Lakini baraza zilirudi kutazamana, na kuta za matofali zikapakwa, nyekundu chini na nyeupe juu. Barabara ikafika kwenye uwanja ikapinda. Ipo hivyo hadi leo, na madereva wageni hulaani fundi mlevi aliyeichora.

Bibi alifariki nikiwa sekondari. Nilibeba hatia yangu miaka mingi, kimya, kama mtu anayebeba sindano iliyovunjikia mwilini. Niliamini Bibi alishindwa kwa ajili yangu. Kwamba hoja ya mama ilikosa mfano, na mimi nikaenda kuwa mfano. Nilikuwa tayari mama wa watoto wawili siku niliyomweleza mama, tukiwa jikoni kwake tunachambua mboga.

"Mama, nilikudanganya. Nililala sakafuni."

Hakuinua macho. "Tulijua siku ileile. Kwani papasi hupanda kitanda wakaacha kumwuma bibi yako, wakakuuma wewe miguu tu?"

Akachambua majani machache zaidi. Kisha akaniambia jambo ambalo familia yetu haikuwa imelisema kwa sauti. Mama ndiye aliyekuwa mtoto wa kwanza wa Bibi, na baada yake walizaliwa wavulana wawili, Athumani na Sefu. Walilala sakafuni, kama watoto wote. Wakapata homa inayokuja na kuondoka, wakafa, mmoja akiwa na miaka mitatu, mwingine minne. Waganga wakasema shetani. Bibi akaamini, na mama, aliyekuwa mtoto anayewabeba mgongoni, naye akaamini, hadi siku aliyosikia neno papasi kwenye semina ya kwanza aliyopata kuhudhuria, akiwa mtu mzima. Ndiyo maana mikono ilimtetemeka mkutanoni. Hakuweza kumwambia mama yake waziwazi: nyumba yako ndiyo iliyowaua. Akasema nyumba zote.

"Sasa alipoinua ile khanga akaiona miguu yako," mama akasema, "aliniita, tukatoka nje. Akaniambia, 'Zuhura, wenzio walikuwa na alama hizihizi. Nilikuwa nazipaka mafuta.' Akaniomba radhi. Mama kumwomba radhi mwanawe, unaujua uzito wake? Nikamwambia, mama, hukujua. Akasema, 'Sasa najua. Twende tumwahi huyu.'"

Miaka yote nilidhani niliyaona yote yaliyobomolewa Barazani, kwa sababu nilikuwepo, nilibeba mtungi, nilimeza vumbi. Kumbe lililo kubwa lilikuwa limeshaanguka siku chache nyuma, nje ya dirisha letu, nami nimelala. Bibi alikubali kwa muda wa kufunga khanga jambo ambalo wengi wetu hatulikubali maisha yetu yote, kwamba mahali tulipopapenda kuliko pote palituumiza. Na alipokwisha kulikubali hakupachukia. Alipapitia polepole kwa miguu yake mwenyewe, akionyesha kwa kidole, hiki kiende, hiki kibaki.